Mchezo Mmoja kwa Watoto Tisa

Jumatatu, 7 Februari 1955

Nimefagia ua, nimejaza mtungi, nimegawa chaki. Watoto tisa leo, hakuna aliyekosa. Kabla ya saa nne Hilal alikuwa ameshamuuma Mwinyi begani, kwa sababu ya zamu ya kunywa maji. Hilal ana miaka minne. Meno yake madogo lakini yanafanya kazi.

Bi Zuhura aliniita pembeni. Alisema, "Tatu, herufi nitawafundisha mimi. Kungojana siwezi. Nitafutie mchezo wa kukaa chini. Mmoja tu, wa mtoto anayeanza. Wahesabu, wangoje zamu, na anayeshindwa asimle mwenzake." Nichague mimi. Niliitikia kwa kichwa. Nikitazamwa sauti yangu hupotea.

Nimemaliza darasa la nane Desemba. Baba amekubali nimsaidie Bi Zuhura mpaka mwisho wa Machi. Hapo Bi Zuhura akisema ananihitaji, nitabaki. Akisema hanihitaji, nitakwenda Mkange kwa shangazi, nimlelee wanawe na kumsaidia shamba. Shangazi ni mtu mwema. Sitaki kwenda. Hilo naliandika hapa kwa sababu mkekani, wakati wa chakula, siwezi kulisema.

Jumanne, 8 Februari

Nilifikiri bao kwanza. Kila baraza mjini lina bao. Lakini sijui kulicheza. Ni mchezo wa wanaume, sisi tunausikia kwa kelele zao tu. Nilipompelekea Baba chakula cha mchana nilimwuliza. Baba anashona nguo barazani kwa Bwana Khalfan, mwenye duka la vitambaa. Watu wananunua ndani, wanashonewa nje. Nafasi ile amepewa kwa hisani.

Baba aliacha kukanyaga cherehani, akacheka. "Kete sitini na nne! Watu wazima na ndevu zao wanagombana mpaka adhana inawakuta. Wewe unataka kumpa Hilal?"

Hilal ni mtoto wa huyo huyo Bwana Khalfan. Yeye na dada yake Salma.

Hata hivyo nilichukua komwe chache, zile mbegu za kuchezea bao, nikawapa watoto wazizoee mkononi. Hilal aliweka mbili shavuni. Nilizitoa kwa kidole. Kidole kinauma mpaka sasa.

Bao hapana.

Alhamisi, 10 Februari

Dama. Nilichora vyumba chini kwa mkaa, nikaokota vizibo vya soda, nusu nikavipaka chokaa. Salma ana miaka sita na anaelewa upesi. Amewafunga wote. Amemfunga Kibibi mara nne. Kibibi ana miaka mitano na hajui kwenda mshazari. Kila kizibo anakisukuma mbele moja kwa moja kama anayekwenda sokoni. Mara ya tano alikalia dama nzima, akakataa kuondoka.

Mchezo ambao mkubwa hushinda kila siku si wa watoto wanaoanza. Mdogo hajifunzi kushindwa. Anajifunza kuchukia.

Jumamosi, 12 Februari

Nimekwenda duka la Mhindi karibu na soko. Kwenye kabati la kioo kuna ludo, na kuna nyoka na ngazi. Niliviona tangu Jumatano. Jumatano niliingia, nikashindwa kuuliza, nikatoka na uzi. Jana hivyo hivyo. Leo mke wa mwenye duka alinitangulia: "Binti, uzi tena? Nyumbani kwenu mnakula uzi?"

Nilionyesha kabati kwa kidole. Alifungua masanduku yote mawili, akanieleza.

Ludo: kila mtu vipande vinne. Ni vingi. Tena unaweza kumrudisha mwenzako mwanzo. Hiyo italeta meno.

Nyoka na ngazi: kipande kimoja, njia moja. Anayekurudisha chini ni nyoka, si mwenzako. Hakuna wa kumuuma. Na kwa kuwa dadu ndiyo inayoamua, wa miaka minne anaweza kumshinda wa miaka sita.

Nimechagua. Nimefurahi kwa kuwa nimefikiri mwenyewe na sababu ninazo.

Nitautengeneza mwenyewe. Vyumba mia ni vingi, nitaweka thelathini. Yule mama alinipa dadu moja kutoka sanduku lililochanika. Sikujua nimshukuru vipi. Nikanunua uzi.

Jumapili, 13 Februari

Bi Zuhura amekwenda Dar es Salaam, dada yake anaumwa. Atarudi Ijumaa. Ameniachia darasa. Alisema, "Usiniunguzie nyumba." Nilimwambia mchezo nimeshauchagua. Hakuwa na nafasi ya kusikiliza, gari lilikuwa linapiga honi.

Nilitafuta ubao. Stoo, nyuma ya magunia, kulikuwa na kipande cha mbao kimesimama kimegeukia ukuta. Laini, chepesi, kimekatika upande mmoja. Kilikuwa na madoa meusi. Nilikisugua kwa mchanga na ndimu mpaka kikawa cheupe. Maji machafu nikayamwaga karo la bafuni.

Mistari nimeichora kwa msumari wa moto ili isifutike. Vyumba thelathini, ngazi tatu, nyoka watatu. Nyoka mmoja ametoka kama mkia wa panya. Wengine wazuri.

Jumatatu, 14 Februari

Umefaa.

Wamecheza kwa makundi asubuhi yote. Wamehesabu mpaka thelathini bila kuambiwa. Kibibi alishinda, akazunguka ua akimwambia kila mtu, hata kuku. Hilal alimezwa na nyoka mara mbili. Nilishika mkono wa Mwinyi ili niuondoe karibu na meno yake. Hilal alimwangalia tu yule nyoka, akamwambia, "Mjinga wewe," kisha akampa mwenzake dadu.

Nimefurahi kuliko siku nilipopata cheti.

Jumanne, 15 Februari

Bwana Khalfan alikuja mwenyewe kuwachukua wanawe. Kila siku huja mtumishi. Sikuwa na mtandio kichwani, nikakimbilia kuuchukua. Niliporudi alikuwa amesimama juu ya watoto.

Hilal alimwambia, "Baba, tazama, nimepata sita!"

Hakutazama dadu. Aliinama, akaunyanyua ubao, vipande vyote vikaanguka. Akaugeuza. Kwenye pembe kuna pengo dogo. Aliligusa kwa kidole gumba.

"Huu umeutoa wapi?"

Nilisema stoo. Sidhani alinisikia.

"Unajua ni nini huu? Huu ubao wa Maalim. Mimi nimesomea huu. Alifu yangu ya kwanza niliandikiwa hapa." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali. "Na wewe umechora nyoka, ukawapa wanangu kamari juu yake."

Aliuegemeza ukutani, mahali pa juu, akawashika watoto mikono. Salma aliacha kiatu kimoja. Sikuweza kumwita.

Baadaye

Mama amenieleza. Marehemu mume wa Bi Zuhura alikuwa maalim wa chuo cha Kurani. Zamani watoto waliandikiwa aya kwa wino juu ya mbao zile. Aya ikishahifadhiwa, ubao ulioshwa, na maji yake yalimwagwa mahali pasipokanyagwa na mtu. Mengine walipewa wagonjwa wanywe.

Mimi niliyamwaga bafuni.

Sikujua. Mimi nilisomea juzuu za kuchapwa. Sijawahi kumwona mtu akisomea ubao. Hayo ni kweli yote na hayanisaidii.

Jumatano, 16 Februari

Watoto wanne.

Mama yake Mwinyi alituma salamu kwamba Mwinyi ana homa. Mwinyi mwenyewe nilimwona njiani akikimbiza tairi.

Sokoni wanasema binti wa fundi anafundisha watoto kamari juu ya Kurani. Si Kurani na si kamari, lakini nani atasimama sokoni aseme hivyo? Si mimi.

Baba alirudi mapema, cherehani begani. Aliiweka chumbani bila kuifunika. Mama alimwuliza kama amefukuzwa.

"Hajanifukuza. Kaniitikia salamu, kaniletea kahawa kama kila siku. Nimeshindwa kukaa mimi."

Mimi aliniambia moja tu: "Bora ungekwenda Mkange tangu mwezi wa kwanza."

Alhamisi, 17 Februari

Watoto wanne. Tumesoma herufi. Dadu nimeitupa shimo la choo.

Ijumaa, 18 Februari

Leo hatusomi. Bi Zuhura amerudi adhuhuri. Alikuwa ameshasikia akiwa bado garini.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Aliuchukua ubao, akakaa nao kwenye kigoda, akaupangusa kwa ncha ya kanga ingawa haukuwa na vumbi. Alifuata mistari yangu kwa ukucha. Imeingia ndani, haitoki hata kwa randa.

"Ungeniuliza."

Nilisema hakuwapo.

"Ungeningoja."

Nimewapa watoto mchezo wa kuwafundisha kungoja, na mimi nimeshindwa kungoja siku tano.

Aliuzungushia kitambaa cheupe, akauweka juu ya kabati la nguo. Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, kwa watoto wanne hahitaji msaidizi. Ila ameahidi mpaka mwisho wa Machi na ahadi yake ataitimiza. La pili, kwa Bwana Khalfan hatakwenda yeye. Nitakwenda mimi, niseme kwa mdomo wangu.

Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 21 Februari

Nimekwenda dukani kwa Bwana Khalfan. Kulikuwa na wanawake watatu wanachagua doti. Nilisimama nyuma ya marobota. Aliponigeukia nilitoka.

Baraza la mbele tupu. Pale alipokuwa akikaa Baba pana alama za miguu ya cherehani kwenye sakafu.

Jumanne, 22 Februari

Nimekwenda tena. Nilisema kabla sijafika, njiani, kwa sauti, ili maneno yasinikwame. Muuza kahawa alidhani nazungumza naye, akanijibu.

Dukani hapakuwa na mtu. Nilisema shikamoo.

"Marahaba."

Nilisema yote. Kwamba nilikuta mbao stoo. Kwamba sikuijua. Kwamba niliisugua kwa ndimu, na maji nikayamwaga bafuni. Hili la maji hakuwa analijua. Sikulazimika kulisema. Lakini nilikuwa nimeanza na sikujua pa kuishia. Nilisema Baba hakujua lolote, na Bi Zuhura hakuwapo. Nilisema naomba radhi. Nadhani nililitazama robota la bafta muda wote.

Nilimsikia akikunja kitambaa.

"Ubao ule Maalim alikuwa akitupigia vilevile," alisema. "Lile pengo la pembeni ni kichwa changu." Sikujua kama nicheke. Hakucheka. "Wino ulikuwa umeoshwa miaka mingi iliyopita. Hujui, hujui. Mungu anajua usilolijua. Lakini dadu siitaki, Tatu. Si juu ya ubao, si chini, si juu ya mti. Anayeanza na dadu kwa kuhesabu ataendelea nayo kwa fedha. Nimewaona."

Nilisema nimeitupa.

"Salma ananililia kila asubuhi. Sina la kumwambia." Kisha, "Mwambie baba yako baraza langu limejaa vumbi. Halijakaliwa wiki nzima."

Hakusema atawarudisha watoto. Nilitembea mpaka nyumbani. Nilimwambia Baba habari ya vumbi. Aliendelea kula. Asubuhi tutaona.

Jumatano, 23 Februari

Baba ameondoka na cherehani.

Ijumaa, 25 Februari

Nimefikiri upya, kwa utaratibu. Bila dadu hakuna bahati. Bila bahati mkubwa anamshinda mdogo, nasi tumerudi kwenye dama na Kibibi aliyeikalia. Natafuta mchezo usio na bahati, ambao wa miaka minne aweze kumshinda wa miaka sita. Huenda haupo.

Jumapili, 27 Februari

Upo.

Nilirudi kwenye bao, ambalo wiki hii nimelitazama barazani nikimpelekea Baba chakula, lakini nikalipunguza. Nimechimba mashimo uani kwetu kwa kifuu: safu mbili, mashimo manne kila upande. Kete tatu kila shimo. Unazoa za shimo moja, unatia moja moja mbele, unazunguka. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu la upande wako, unakula za shimo linalotazamana nalo. Mwishoni mwenye kete nyingi ndiye mshindi. Basi. Hakuna shimo la nyumba, hakuna kunamua kwa kete za akiba, hakuna sheria nyingine.

Nilicheza peke yangu, mkono wa kulia na wa kushoto. Nikaona jambo. Mtu mzima huona mbele kete yake ya mwisho itaangukia wapi. Mtoto wa miaka minne haoni. Wa miaka sita naye haoni. Wote wanazoa na kutia, na mwisho wanashangaa pamoja. Si bahati, maana kila kitu kiko wazi mbele ya macho. Ila wao wako sawa.

Kete zilinisumbua kwa ajili ya shavu la Hilal. Kisha nikaona chini ya minazi vidaka, nazi changa, vilivyopukutika. Vya kiasi cha ndimu kubwa. Havimezeki, haviingii shavuni, na vinaokotwa bure. Nimejaza kikapu.

Baba alitoka kutawadha kwa ajili ya alasiri, akanikuta nimepiga magoti. Tangu wiki iliyopita hajaniambia neno zaidi ya mpe mama yako hiki. Alisimama na kopo lake.

"Umeruka shimo."

Nikarudia.

"Umeruka tena. Pale pembeni unapogeuka." Akaliweka kopo chini, akachuchumaa, akanionyesha. Alicheza upande wa pili mara tatu. Mara zote alinila. Kisha akakumbuka sala.

Jumatatu, 28 Februari

Bi Zuhura alitazama mashimo muda mrefu. "Hapa hapana dadu?" Hapana. "Ubao?" Hapana, mchanga. "Vidaka vya nani?" Vya ardhini. Alisema niendelee, na ameketi karibu asubuhi nzima akijifanya anachambua mchele.

Watoto wanne wamecheza. Kibibi amefunga na amefungwa. Hakukalia kitu.

Jumamosi, 5 Machi

Watoto sita. Mwinyi amepona ile homa yake.

Sita bado hawatoshi. Bi Zuhura hakulisema, nami sikuuliza.

Jumatano, 9 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Mashimo yamejaa maji, vidaka vinaelea. Tumehamia chini ya kipenu, nimebeba mchanga ndoo kumi na moja. Mgongo unauma. Watoto wanaona kuelea ndio mchezo, wamekataa kuhama.

Jumamosi, 12 Machi

Watoto sita. Mama mmoja alisimama mlangoni, akachungulia, akaenda zake. Sikutoka kumkaribisha. Bora ningetoka.

Jumanne, 15 Machi

Mwingine amesimama mlangoni. Nilitoka. Nilisema, "Karibu ndani uwaone." Aliingia. Kesho mwanawe anakuja. Saba.

Jumatatu, 21 Machi

Bwana Khalfan amekuja, amemshika Hilal mkono. Salma hayupo. Alisema Bi Zuhura apokee shikamoo yake kwanza, halafu wazungumze mengine. Hakuzungumza mengine. Alikaa kwenye kigoda chini ya kipenu, kanzu ameikusanya isiguse mchanga, akatazama.

Nilimkalisha Hilal na Kibibi. Hilal alikuwa hajui mchezo huu, na mimi nilijua kitakachotokea: atafungwa mbele ya baba yake, na Kibibi atapata jeraha.

Amefungwa. Kibibi alizoa vidaka vyake vya mwisho akavihesabu kwa sauti, mpaka kumi na nne. Hilal aliviangalia. Alifungua mdomo. Nilisogea.

Alisema, "Zamu yangu kuanza sasa. Aliyefungwa anaanza. Si ndivyo, dada Tatu?"

Sikuwahi kuweka sheria hiyo. Nilisema ndivyo.

Bwana Khalfan alitazama mpaka mwisho wa mchezo wa pili. Aliinuka, akakung'uta kanzu. Alipopita karibu nami alisema, "Kale kashimo ka pembeni, mwambie Hilal asikafungue mapema." Kesho yake Salma akaja na wadogo wawili wa jirani yao.

(Sentensi hii ya mwisho nimeiongeza Jumanne. Watoto kumi na moja.)

Jumatano, 30 Machi

Mvua imekatika mchana. Bi Zuhura alipita kwetu baada ya alasiri. Alizungumza na Baba ukumbini, mimi nikawa jikoni nakuna nazi. Nilisikia "kumi na moja" na nilisikia "mpaka Ramadhani, kisha tutazame." Mengine mbuzi ya kukunia iliyafunika. Sikuacha kukuna.

Alipoondoka Baba aliniita, akaniambia nilete kalamu na karatasi. Nyumbani mwandishi wa barua ni mimi. Ilikuwa ya shangazi, Mkange. Salamu kwanza, afya, mvua, bei ya nazi. Kisha akasema niandike kwamba Tatu haji kwa sasa, ana kazi.

Nikaandika. Kwenye "kazi" wino ulijaa, nikaanza karatasi nyingine. Baba alingoja. Nilipomaliza nilimsomea yote kuanzia juu, na nilipofika hapo sauti yangu ilisikika vizuri.

Nimeifunga. Inaondoka na gari la kesho.